Kanga Nyekundu Mchangani

Maiti nimeziona za kutosha, za maji na za nchi kavu, na sikuwahi kukimbia hata moja. Niliyemkimbia alikuwa hai. Nilimkimbia msichana aliyelala mchangani kwenye kona ya mto, chini kidogo ya Garsen, na nyundo yangu na patasi na vibati vya kuzibia sufuria vyote vikamwagika njiani nisigeuke kuviokota. Ilikuwa mwaka wa hamsini na saba. Ngoja nieleze ilivyokuwa.

Siku hizo nilikuwa Galole, hapo watu wanapopaita Hola, naziba sufuria zilizotoboka. Vijana wa kuchimba mifereji ya mashamba walikuwa wengi, wametoka kila upande wa mto, na sufuria zao hazikudumu kwa sababu hakuna aliyejua kupika. Waliunguza ugali kisha wakaukwangua kwa jembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yangu.

Mmoja wao alikuwa Dhadho, Mpokomo wa Ngao, kijana mrefu, mpole, ambaye hakuwa na habari nyingine duniani ila ya mchumba wake. Ukikaa naye mezani, Nyevu hivi. Ukikaa naye mferejini, Nyevu vile. Wenzake walimtania kwamba wao sasa wanamjua huyo Nyevu kuliko wanavyowajua dada zao. Nyevu mwenyewe alikuwa Mgiriama. Wazee wake walikuja kutoka kusini wakalima Kilelengwani, mafuriko yakawatoa, wakahamia hiyo kona ya karibu na Garsen. Baba alikwisha kufariki, akabaki na mamaye, Jumwa. Uchumba ulikwisha kukubaliwa pande zote, na harusi ilingoja Dhadho amalize kazi ya mferejini.

Kuandika Dhadho hakujua, na hata angejua, huko kwa kina Nyevu hakukuwa na wa kusoma. Kwa hiyo salamu zilikwenda kwa mdomo wa Pekeshe. Huyu Pekeshe alikuwa na mtumbwi, anapandisha ndizi na mchele kutoka Ngao kuja kuuza Galole. Kila akishuka, Dhadho alimpa kitu cha kumpelekea Nyevu: sukari kidogo, mche wa sabuni, na mara moja kanga nyekundu, sabuni imefungiwa ndani yake. Na kila akipanda, Pekeshe alileta jibu lile lile, kwamba Nyevu anasema yeye ni mzima. Dhadho aliishi kwa neno hilo. Alilibeba kutwa nzima kama mtu aliyeweka pipi shavuni.

Sasa, Pekeshe alikuwa mtu wa maneno. Kabla mtumbwi haujagusa ukingo ungekwisha kumsikia anawatukana vijana kwa mapenzi, anauliza nani amekonda, nani ametorokwa na mke. Siku hiyo alikuja kimya. Akafunga mtumbwi, akapita ndizi zake kama si zake, akaja moja kwa moja pale nilipokaa na sufuria kati ya miguu. Dhadho alikuwa anangoja sufuria hiyo.

"Dhadho, ndugu yangu, kaa chini," akasema.

Dhadho akasema yuko sawa kusimama.

"Nyevu amezikwa."

Nyundo yangu ilikuwa hewani, nikaishusha polepole nisipige. Dhadho alimtazama Pekeshe mdomoni, kana kwamba neno lingine litatoka pale lifute lile la kwanza. Halikutoka. Pekeshe akaeleza. Walipokuwa wanapandisha mto, wamefika ile kona, jua la utosi, walimwona mama Jumwa amesimama kwenye mchanga na jembe, anafukia. Kichwani kwa anayefukiwa palikuwa na kanga, imefunika uso wote. Wakamsalimu yule mama, hakuitika. Aliwapungia mkono wapite, wasikaribie.

Dhadho akauliza kama uso aliuona.

"Uso ulifunikwa. Lakini kanga ni ile nyekundu. Niliileta mimi kwa mikono yangu, nitaisahau?"

Kwa mtu wa mbali jambo hilo lina mashimo mengi, lakini kwa watu wa vijiji vile halikuwa na shimo hata moja. Kwao, aliyekufa maji au aliyeshikwa na mamba harudishwi nyumbani. Huzikwa pale pale ukingoni alipopatikana, na wachache, bila ngoma. Na mtumbwi uliobeba chakula cha kuuza hautui penye maziko ya namna hiyo. Ukitua, hakuna atakayegusa shehena yako mpaka mwisho wa mto. Pekeshe alikuwa na ndizi mpaka ubavuni. Alipopungiwa mkono apite, alipita, akashukuru kupungiwa. Ungempeleka mahakamani angeapa, na angeapa kweli.

Kulia Dhadho hakulia. Alikwenda kwa mtu wa kwao mmoja akanyolewa kichwa chote kwa wembe, kama afanyavyo mfiwa. Aliporudi sikumjua. Alitaka kuondoka saa ile ile, lakini msimamizi wa kazi akasema mchumba si mke, amalize kwanza kipande chake cha mfereji. Basi akachimba. Sijaona mtu anachimba vile, hasemi, hali vizuri, anarusha udongo kama anamtafuta mtu chini yake. Pekeshe naye akaendelea kupandisha mto hadi Bura kumalizia ndizi zake. Kati ya safari ya mtumbwi ya kuja na kipande kile cha mfereji, mwezi ulizunguka wote.

Alipopewa ruhusa niliondoka naye. Sufuria za Galole zilikuwa zimekwisha, na miguu yangu ilikuwa inaniwasha. Tulipata lori sehemu fulani, tukaachwa, tukatembea. Waorma waliokuwa wananywesha ng'ombe walikitazama kichwa chake kinachong'aa, wakanyanyua mikono wakamwombea dua wala hawakuuliza. Tulipofika Garsen nilimshauri aende kwanza kwao Ngao, apate watu wa kumshika. Akakataa. Alitaka kaburi kwanza, kisha watu.

Tukafika ile kona mchana, jua limesimama kichwani. Mto hapo unajikunja, na upande wa ndani umeweka mchanga mweupe, mpana, unaochoma nyayo hata kwa mtu mwenye makubadhi. Hapakuwa na mtu. Nyumba ya mama Jumwa ilikuwa nyuma ya migomba, haionekani. Na hapo katikati ya mchanga tukaiona: tuta refu kiasi cha mtu, na upande wa kichwani kanga nyekundu.

Nilishangaa kidogo kwamba mchanga ulikuwa mpya, haukukaa. Nikajiambia kwamba mamaye huja kulitengeneza. Dhadho alikwenda akaanguka kwa magoti. Hapo ndipo machozi yalipotoka, yote ya mwezi mzima, bila sauti. Mimi nikasimama upande wa miguuni, nimevua kofia, natafuta dua ya kusema. Nikainamisha macho. Mwisho wa tuta nikaona vidole. Vidole vya miguu, kumi vyote, vimetoka mchangani. Wazo langu la kwanza lilikuwa fisi. Fisi wamemfukua, na huyu kijana hajaona, nitamwambiaje.

Dhadho akaweka viganja viwili juu ya tuta.

Tuta likasema, "Mama, ongeza wa moto hapa chini."

Vidole vikajikunja.

Ya hapo ndiyo niliyokwisha kuwaambia. Nilijikuta ndani ya migomba, mfuko mtupu, nimekumbatia mgomba kama mke. Nilipopata macho ya kutazama nyuma, Dhadho alikuwa amekaa majini, maji kiunoni, hajui kama pale pana mamba. Na lile kaburi lilikuwa limekaa kitako. Mchanga unamteremka kifuani na tumboni, kanga imeanguka, na chini ya kanga ni msichana, uso umekunjamana kwa maumivu, anamtazama mtu mwenye upara aliyemlia, hamjui.

Alimjua kwa mikono. Alisema baadaye kwamba uso ulikuwa umebadilika, lakini ile mikono ilikuwa bado ya Dhadho.

Mama Jumwa akatokea na mtungi kichwani. Alikuwa amekwenda kufukuza nyani shambani. Akamwona binti yake amekaa, akamwona mkwe wake mtarajiwa majini, mahali ambapo mkwe hakutakiwa kabisa kuwepo. Akautua mtungi, akajifunga leso sawasawa kwa heshima, akakitazama kile kichwa.

"Baba, umenyoa. Nani amekufa?"

Dhadho akamwonyesha Nyevu kwa kidole.

Nikatoka migombani. Mwishowe tulipelekwa nyumbani tukapewa maji, na Dhadho akaeleza ya Pekeshe na ya mfereji. Mama Jumwa akasikiliza huku anatikisa kichwa. Alipoulizwa sasa Nyevu alikuwa anafanya nini mchangani, akasema haraka kwamba ni baridi yabisi ya kiuno, ugonjwa wa ukoo. Nyevu aliinama. Niliona ameuma leso kwa meno.

Habari ya upara ilifika Ngao kabla ya jua kuchwa, na asubuhi yake akaja shangazi ya Dhadho, Kalla, na wazee wawili nyuma yake. Kalla ndiye aliyemlea Dhadho na ndiye aliyeupeleka uchumba. Mwanamke mnene, sauti ya kanisani, hakuna aliyemkatiza. Hakukaa alipopewa kiti. Akasema kwamba mambo ni mawili. La kwanza, mtu ambaye mfiwa amekwisha kunyoa nywele kwa ajili yake amekwisha kuhesabiwa katika waliokwenda; kijana wake amemnyolea huyu binti, na hajasikia tangu azaliwe kwamba mtu anaoa aliyemwomboleza. La pili, anataka kujua binti mwenye afya anafukiwa mchangani kwa sababu gani, tena mafichoni, tena kwa kuwafukuza wapita njia. Kama ni uganga, aambiwe ni uganga, na uchumba ufe leo.

Mama Jumwa akaanza tena na baridi yabisi yake.

"Mama, acha," Nyevu akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mhimili, kwa sababu siku ile bado ilikuwa ndani ya siku zake. Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya mahindi:

"Nikiingia mwezini tumbo linanikata mpaka natapika. Siwezi kusimama. Mchanga wa moto ndio unaonisaidia. Basi."

Mimi nilikuwa nimekaa na wale wazee wawili kwenye kigogo. Sijui niwaambieje. Mwaka ule, katika nchi ile, neno hilo mwanamume alilijua kama anavyojua kuna chumba cha ndani katika nyumba ya watu: kipo, huingii. Mzee mmoja aliinuka akaenda kuukagua mpapai. Mwingine akashika sikio, akalifinya. Mimi nilijikuta najifunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa makubadhi.

Kalla alipata sauti kwanza. "Mambo hayo hayasemwi mbele ya wanaume."

"Wanaume ndio waliopeleka habari zangu Galole, shangazi. Nimezikwa kwa mdomo wao. Nifukuliwe kwa mdomo wa nani?"

Ikatoka yote sasa. Tangu alipovunja ungo ilikuwa hivyo. Amekunywa mizizi, amefunga leso kiunoni mpaka nyama ikawa nyekundu, amelala kifudifudi juu ya mawe yaliyoota jua. Mchanga ni dawa ya bibi yake mzaa mama, wa huko walikotoka. Hospitali ya Ngao ilikuwa karibu, lakini nusu ya watu wa pale ni jamaa za Dhadho, na mama Jumwa aliogopa. Alichokiogopa ndicho Kalla alichokisema sasa, akimtazama kijana wake badala ya msichana: tumbo linalopiga kelele namna hiyo, litashika mtoto?

Kila mtu alimngoja Nyevu aape kwamba litashika. Mama yake alikuwa anamwonyesha kwa macho.

"Sijui," akasema Nyevu.

Dhadho alikuwa amekaa chini muda wote huo, anachora ardhini kwa kijiti. Nilidhani atalia tena. Kumbe alikuwa amekasirika, na hasira ya mpole inatisha.

"Kila mwezi?" akamuuliza.

"Kila mwezi."

"Na kila Pekeshe akija unamwambia wewe ni mzima."

Nyevu akasema angemwambia nini Pekeshe, katikati ya ndizi, na wapiga upondo wake, wale wasukuma mtumbwi, wanasikiliza. Alisema siku zikifika alijifunika uso kwa ile kanga, kwa sababu ilikuwa bado na harufu ya sabuni iliyofungiwa ndani yake, na harufu hiyo ilikuwa Galole. Akiisha kuivuta, maumivu hayakupungua, ila alikuwa na mtu wa kuumwa naye. Alisema hayo mbele ya wazee na shangazi. Mzee wa mpapai hakurudi kabisa.

Dhadho akatupa kijiti. "Uliosema nao wakaniambia u mzima. Waliokuona wakaniambia umekufa. Mimi nimekaa kule nashika maneno. Nimsikilize nani?"

"Uniulize mimi. Nitakwambia hata kama ni baya."

"Haya. U hali gani?"

"Naumwa. Nataka kukaa chini, na shangazi yako bado amesimama."

Kwa mara ya kwanza Kalla alikitazama kile kiti. Sisemi kwamba alilainika. Alikaa tu, na alipokaa Nyevu naye akateremka taratibu pale mlangoni mpaka chini. Kalla akarudia la nywele, kwamba limekwisha kufanyika, kichwa hicho kila mtu amekiona. Dhadho akajipapasa upara wake, ambao ulikuwa umeanza kukwaruza.

"Zinaota, shangazi. Zikikwisha kuota nitaoa. Kama hutakuja, nitasikitika, lakini nitaoa."

Kalla alimwuliza mama Jumwa, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo, kama mchanga huo huwekwa juu ya kitovu au chini yake. Wale wanawake wawili wakatazamana. Nikajua kwamba nyumba ya Kalla nayo ina chumba cha ndani.

Mchana ule maumivu yalimrudia Nyevu. Mama Jumwa akachukua jembe kama kawaida. Dhadho akalichukua mkononi mwake. Kwa kuona mkwe ameshika jembe hilo, kwa kazi hiyo, mama Jumwa alitoka akaenda kukaa nyuma ya nyumba asione. Mimi nilikuwa kule ukingoni, mbali kidogo, natafuta vibati vyangu na kungoja mtumbwi wa kunishusha. Ndiyo maana niliona.

Dhadho alikuwa amemlaza na kumfukia mpaka kifuani, kanga usoni, naye anachota mchanga wa juu, ule wenye moto, anauweka polepole. Mtumbwi ukatokea konani, unashuka na maji. Pekeshe. Amekwisha kuuza Bura, mtumbwi mtupu, amesimama nyuma na upondo wake mrefu. Alipoona tuta, na kanga, na Dhadho na upara wake na jembe, alivua kofia. Wapiga upondo wenzake nao wakavua. Walikuwa wanapita kwa heshima yote, vichwa chini.

Nyevu akafunua kanga.

"Pekeshe, hujambo? Safari hii hukuniletea sabuni?"

Upondo ulimtoka Pekeshe mkononi. Nilisikia sauti yake inavyoingia majini. Mmoja wa wenzake aliketi ghafla chini ya mtumbwi, na mtumbwi, hauna wa kuushika, ukaanza kugeuka polepole, mkia mbele. Pekeshe, mtu wa maneno, alifungua mdomo mara mbili. Mara ya tatu ndipo alipopata sauti, ikatoka nyembamba.

"Dhadho, huyo ni nani?"

Dhadho akainuka, akaegemea jembe. Angeweza kusema baridi yabisi. Nami nilimwomba moyoni aseme baridi yabisi.

"Ni Nyevu," akapaza sauti, mpaka ng'ambo ya mto wachungaji wakageuka. "Ameingia mwezini, tumbo linamuuma. Nampasha moto."

Mto uliwachukua hivyo hivyo, kofia mkononi, wamegeukia kule wanakotoka, wanatutazama mpaka migomba ikawaficha. Upondo uliletwa na maji hadi miguuni pangu. Nilisimama nao, sijui nimkimbizie au nikae.

"Umemwambia," Nyevu akasema kutoka chini ya kanga.

"Nimemwambia."

"Atafika nayo Ngao leo. Kesho Kipini."

"Na afike nayo. Afadhali hii."

Niliona tuta likipanda na kushuka, sijui ni kicheko au ni uchungu, labda vyote.

"Basi ongeza wa moto hapa chini," akasema, na Dhadho akapiga magoti, akachota.